Meno ya Ukuta wa Isegesa

2 Desemba

Nimerudi Isegesa bila shahada na bila aibu. Chuo kimenisimamisha muhula mmoja kwa kosa la kuwaketisha wanafunzi mia tatu mbele ya jengo la utawala mpaka maji yarudi mabwenini. Maji yalirudi siku ya tatu. Mimi niliondoshwa siku ya nne.

Kaka Anord alinipokea Ilula, katikati ya makreti ya nyanya. Hakuuliza lolote kuhusu chuo. Alinitwisha mfuko mmoja wa mbolea, akajitwisha mwingine, tukaupanda mlima.

5 Desemba

Leo nimeketi katika kikao cha Umoja wa Wakazi wa Isegesa. Ni umoja wa hiari: hauna mshahara, hauna mhuri wa maana, na ofisi yake ni meza ya kulia chakula ya katibu, Mwalimu Saulo, mstaafu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Kwa miaka sita umoja huu umekuwa ukiidai zahanati. Kwa miaka sita wajawazito wetu wameendelea kushushwa kilomita kumi na tisa kwa pikipiki, katika barabara ambayo masika huigeuza kuwa utelezi.

Sasa halmashauri imejibu. Tukilifikisha boma kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, ifikapo tarehe 28 Februari, tutapewa kenchi za paa na mabati ya mwaka huu wa fedha. Tusipolifikisha, paa litakwenda kijiji kingine. Msingi upo tangu Oktoba. Matofali yapo pia, yamechomwa kiangazi katika matanuri mawili: la Walutheri chini ya kanisa letu, na la Wakatoliki kule kigangoni.

Wifi yangu Frida, mke wa Anord, aliketi nyuma, mkono juu ya tumbo la miezi sita. Masika yaliyopita alimpoteza mtoto wa kwanza njiani, pikipiki ikiwa imekwama matopeni. Alikuwa anaitazama barua mikononi mwa Mwalimu kama mtu anayetazama sufuria ya jirani.

8 Desemba

Nimeandika barua ya kuishukuru halmashauri na kuikumbusha wajibu wake. Kurasa tatu. Nilitumia maneno "historia haitawasamehe". Mwalimu Saulo aliisoma yote kwa heshima, kisha akachukua kalamu nyekundu.

"Mwanangu, hapa tumwambie mkurugenzi tumepokea, tunaanza tarehe kumi, tunaomba saruji mifuko sitini. Basi."

"Na dhuluma ya miaka sita, Mwalimu?"

"Hiyo anaijua. Ndiye aliyeifanya."

Barua ikatoka na mistari minne. Nimeihesabu. Mzee huyu ni baridi ya Juni iliyovaa koti.

10 Desemba

Kikao cha kupanga kazi. Niliomba nafasi, nikapewa, nikaitumia.

Nilisema kwamba mlima huu umezika watoto wa kutosha. Nilisema kwamba tarehe 28 Februari si tarehe, ni mlango, na mlango huo hautafunguliwa na watu wanaokwenda kazini mmojammoja kama wanaokwenda kuchuma mboga. Kisha nikatoa hoja yangu: boma ligawanywe kati. Nusu ya mashariki wajenge Walutheri chini ya kaka Anord, nusu ya magharibi wajenge Wakatoliki chini ya Mama Verediana, kila upande kwa matofali yake, na tuone nani atafika dirishani kwanza. Watu wakapiga makofi. Hata mwenyekiti wa kitongoji, ambaye huamka wakati wa kufunga kikao tu, alikuwa macho.

Jailos alinyoosha mkono. Ni fundi mwashi, mkongwe kuliko wote hapa. Amejenga nusu ya nyumba za Isegesa, na ulanzi wa mianzi ya hapa amekunywa zaidi ya nusu.

"Mimi nilikuwa naona tofali zipangwe kwa—"

"Mzee Jailos," nikamkatiza, "mkono wako unatetemeka, na saa nne haijafika. Mlevi hana hoja ya utaratibu."

Watu wakacheka. Jailos akautazama mkono wake, akaushusha, akachukua kofia, akatoka. Nikaendelea.

14 Desemba

Walutheri kozi mbili za matofali. Wakatoliki kozi moja na nusu.

17 Desemba

Mvua kutwa. Tumefunika ukuta kwa maturubai na majani ya migomba.

21 Desemba

Kasi iliyopo sijaiona chuoni. Kinamama wanachota maji tangu alfajiri, vijana wanachanganya saruji na mchanga wakiimba, na matusi matamu yanavuka kutoka upande hadi upande. Mama Verediana, mwanamke mpana mwenye sauti ya kengele, amesimama juu ya rundo la mchanga akiwaita watu wangu.

"Enyi Walutheri, huo ukuta mnaujenga au mnaubatiza? Mbona mnaunyunyizia tu?"

"Mama," kaka Anord akajibu bila kugeuka, "sisi tunabatiza kilichokwisha kuzaliwa. Ukuta wenu bado mchanga."

Frida anapika uji wa wajenzi. Nimemwambia apumzike. "Nitapumzika nikiwa na pa kupumzikia," akasema.

25 Desemba

Krismasi. Hakuna kazi. Wali, kuku, ulanzi kwa waungwana. Jailos alipita mbele ya nyumba yetu, akatusalimu wote kwa "kamwene", mimi akaniruka.

4 Januari

Walutheri kozi tano.

11 Januari

Walutheri kozi saba, Wakatoliki tano. Mama Verediana amekonda kidogo kwa uchungu, na sijaficha furaha yangu. Mapinduzi yote huhitaji mtu wa kushindana naye.

Tangu siku ya kwanza Mwalimu Saulo huja kila asubuhi na daftari. Anaandika majina ya waliofika, saa waliyofika, na walichobeba. Nilimuuliza orodha hiyo ni ya nini. "Ni ya siku tutakayoulizwa," akasema. Nilidhani anajitafutia shughuli.

18 Januari

Pande zote mbili zimefika usawa wa dirisha, siku moja. Tulivuta kamba kutoka mashariki hadi magharibi, tukaweka pima maji: kiputo kilitulia katikati kama kiini cha yai. Kozi tisa za Walutheri zimelingana na kozi saba za Wakatoliki, usawa mmoja, bila unywele kupungua. Nililiona hilo kuwa ishara. Nilipanda juu ya ndoo, nikahutubia.

Kilichobaki kabla ya kwenda juu ni kuziunga nusu mbili. Katikati ya ukuta wa mbele na wa nyuma kila upande uliacha meno, yaani matofali yaliyochomoza moja baada ya jingine, ili yaje yaumane.

25 Januari

Nimekaa mezani kwa Mwalimu tangu saa tisa na sijaandika neno. Sasa naandika.

Asubuhi tulianza kuunga ukuta wa mbele. Kaka Anord alikuwa na mwiko, kijana wa kigangoni alikuwa upande wa pili. Walipoweka tofali la kwanza, liliingia. La pili likabaki hewani. Jino la Walutheri lilitokeza mahali ambapo jino la Wakatoliki nalo lilitokeza. Pale palipotakiwa pengo palikuwa na tofali, na pale palipotakiwa tofali palikuwa na pengo. Kaka akachonga. Likavunjika. Akachonga jingine.

Mama Verediana alichukua tofali lao, akachukua letu, akayalaza sakafuni bega kwa bega. Lao lilizidi kimo kwa inchi nzima.

Hapakuwa na mtu aliyedanganya wala aliyeiba. Kigangoni wana kibao cha kufyatulia walichoachiwa na padri aliyejenga shule. Sisi tuna kibao alichokichonga marehemu babu yangu. Kila mmoja amejenga nyumba yake kwa kibao chake, miaka arobaini, na hakuna siku ambayo matofali ya vibao viwili yalikutana katika ukuta mmoja. Hakuna siku, kwa sababu hatujawahi kujenga kitu kimoja. Saba zao ni tisa zetu: ndiyo maana kamba ya juu ilitudanganya. Chini ya kamba ile, kuta mbili zimesimama kama majirani wasiosalimiana.

"Tujaze saruji tu," mmoja akasema. "Tupige plasta. Nani ataona?"

"Mvua itaona," Mwalimu Saulo akajibu.

Nilitazama uso hadi uso nikitafuta wa kumlaumu. Nimesomea kazi hiyo. Huwa naimudu haraka. Safari hii kidole kilizunguka uwanja mzima kikarudi kwangu. Nani aliligawa boma? Nani alisema kila upande kwa matofali yake? Na kulikuwa na mtu aliyenyoosha mkono.

Siku thelathini na nne zimebaki.

26 Januari

Baada ya ibada nilikwenda kwa Jailos. Nilimkuta nyuma ya nyumba, chini ya mianzi, akikata ncha ya mwanzi kwa kisu kidogo ili ulanzi utone. Mkono wake ulitetemeka mpaka kisu kilipogusa mwanzi. Hapo ukatulia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Nimekuja kuomba radhi."

"Za mkono au za mdomo?"

Nilikuwa nimetunga sentensi nne njiani, zenye mizani nzuri kabisa, na zote zikanihama.

"Za mbele ya watu," nikasema. "Nilikuaibisha mbele ya watu. Nitakuomba radhi mbele ya watu hao hao."

Aliendelea kukinga kibuyu. "Huu mkono ulianza kutetemeka nikiwa nakunywa maji tu. Daktari wa Iringa kasema ni mishipa. Pombe naipenda, sikatai, ila hii haijaletwa na pombe."

Nikamshikia kibuyu.

"Ile siku ulikuwa unataka kusema nini, mzee?"

"Nilitaka kusema tofali zipangwe kwa kimo, zisipangwe kwa dini. Kubwa zote chini, kuzunguka boma zima, mpaka dirishani. Pale mnasawazisha. Ndogo zote juu. Sentensi moja tu. Ungeniachia, mngekuwa mmefika lenta leo."

"Na sasa?"

"Sasa ule wa kwenu ushuke wote. Saruji bado changa, tofali zitatoka nzima mkizitoa kwa adabu." Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Nitakuja. Ila nataka saidia fundi. Nakutaka wewe."

27 Januari

Kaka Anord alikuwa amesimama mbele ya ukuta wetu, mikono nyuma. Wanaume wa kanisani walikuwa wamemzunguka. Upande wa pili Wakatoliki walikuwa wameshusha ndoo, wakitutazama.

Nilimwomba Jailos radhi kwa sauti ya kufika kote. Nilisema kosa la boma ni langu: yeye alilijua suluhisho na mimi nilimfunga kinywa. Kisha nikasema ukuta wa Walutheri ushuke.

"Kwa nini wetu?" kaka akauliza. "Sisi tulitangulia. Washushe wao."

"Kubwa ndizo zinazobeba," Jailos akasema. "Ndogo hazikai chini."

"Basi nishushe kazi ya mikono hii? Kozi tisa, Eveline. Umeniweka hapa mbele, ukanipigia makofi, leo unaniambia nibomoe?"

Ndipo Frida alipotoka jikoni. Alipita katikati ya wanaume, akaweka kata ya majani ya kubebea kichwani chini, akashika tofali la juu kabisa, la pembeni. Akalitikisa mara mbili. Likatoka zima.

"Frida, acha," kaka akasema, kwa sauti ya chini. "Hilo ni zito."

"Nilibeba zito kuliko hili, nikalirudisha limekufa," wifi akasema. "Wala huyu simjengei. Huyu nakwenda kumzalia Iringa, Ipogolo kwa dada, tumeshapanga. Ni kwa anayemfuata. Na wa Verediana, na wa nani hukooo." Akalilaza tofali juu ya kata kama anayelaza mtoto. "Sasa ama unisaidie, ama nibebe mwenyewe."

Kaka Anord akavua koti.

Tulikuwa tumeshusha kozi mbili nilipoona mikono nisiyoizoea kando yangu. Mama Verediana alikuwa amevuka na watu wake wote.

"Tofali zenu tunazitoa kwa heshima," akasema, "ila mjue msingi utakuwa Katoliki. Bwana mwenyewe alisema, juu ya mwamba huu."

"Sawa, Mama," kaka akajibu huku amejipinda, uso wake hauonekani. "Na juu tutakuwa sisi. Karibu na mbingu."

"Anayekaa juu ndiye anayenyeshewa."

Alicheka Jailos kwanza. Baadaye tulicheka wote, hadi wale waliokuwa wamekuja kugombana. Huku kwetu kazi ya pamoja huitwa mgowe, na mgowe una sheria moja: ukishashika jembe hujui tena shamba ni la nani. Nilikuwa nimekwenda chuo kujifunza kuwaunganisha wanyonge, nikarudi nikaigawa sheria hiyo vipande viwili.

29 Januari

Mikono yangu imepasuka. Jailos anasema mchanganyo wangu ni uji wa mgonjwa.

3 Februari

Anasema sasa ni ugali wa shule. Maendeleo.

8 Februari

Mvua siku nne. Kozi moja tu.

10 Februari

Mvua.

11 Februari

Mvua. Frida kaondoka kwenda Ipogolo. Vijana sita wa pande zote mbili walimbeba kwa machela mpaka barabara kuu, kwa kuwa hakuna pikipiki inayopanda. Alikuwa anawacheka njia nzima. Kaka aliporudi hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja kwenye boma, akafunua turubai, akaanza kupanga matofali kwenye manyunyu. Jailos akamfuata na mwiko. Nikawafuata na ndoo.

15 Februari

Jua. Tumefika dirishani, kubwa zote, kuzunguka boma zima. Ukuta unaumana. Nimepitisha kiganja mahali palipokuwa na pengo na sikulikuta.

22 Februari

Ndogo kozi kumi na mbili. Ni tofali za kibao cha babu, na zilikwenda juu mikononi mwa Wakatoliki wengi kuliko Walutheri. Hakuna aliyehesabu ila Mwalimu, anayehesabu kila kitu.

26 Februari

Tumemwaga lenta. Kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, ndoo mkono kwa mkono, watu mia na arobaini. Wingu jeusi lilisimama juu ya mlima kutwa nzima, na halikushuka.

28 Februari

Mhandisi wa halmashauri amefika saa tano, viatu mkononi. Anaitwa Asukile, mtu wa Tukuyu. Mama Verediana alimkaribisha kwa viazi.

"Tusamehe, mhandisi, ndizi hatuna. Najua Mnyakyusa bila ndizi hajala."

"Nikiona ulanzi nitajua nimefika," akajibu, akala viazi vinne.

Alizunguka boma mara mbili. Alipima, aligonga kwa nyundo, alishusha timazi katika pembe zote. Kisha akasimama mbele ya mstari unaozunguka ukuta, pale kubwa zinapoisha na ndogo zinapoanza. Akaupitishia kidole.

"Nani alipanga hivi?"

"Mimi," Jailos akasema.

"Vizuri sana." Akafungua fomu. "Cheti chako cha ufundi?"

Jailos hana cheti. Alijifunza kwa mjomba wake, na mjomba kwa mtu aliyekwishakufa. Mhandisi alikuna kichwa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye fomu. "Hapa inasema fundi aliyesajiliwa. Nikiandika vinginevyo, hii karatasi itarudi, na mwezi wa tatu orodha inafungwa."

Mwalimu Saulo akanigusa kiwiko. Alikuwa ameshika bahasha ileile ya Desemba, na ndani yake, nyuma ya barua, mwongozo wa kurasa kumi na moja ambao mimi sikuwahi kuufunua. Ukurasa wa tisa ulikuwa umepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu.

"Sasa ongea, mwanangu," akanong'ona. "Na leo usifupishe."

Nikaongea. Nilisoma kifungu: fundi wa jamii hukubaliwa pale ambapo kazi yake imekaguliwa na mhandisi na kuna kumbukumbu ya ujenzi ya kila siku. Kumbukumbu hii hapa, nikasema, siku hamsini na nne za kazi, majina, saa, ndoo. Kisha nikauacha mwongozo. Nilimwambia mhandisi kwamba cheti cha Jailos kiko mbele yake, kina kuta nne, na yeye mwenyewe amekigonga kwa nyundo kikamjibu. Nilimwambia kuwa kuta hizi zilibomolewa na waliozijenga, kwa hiari, ili zisije zikawabomokea wasiojua. Nilimwambia kwamba wapo waliojenga hapa wakijua hawatazalia hapa. Sikumwambia historia haitamsamehe. Nilimwambia jina la Frida, na umbali, na masika.

Mhandisi alilifunua daftari ukurasa kwa ukurasa. Mwishowe akatoa kalamu.

"Binti, chuo gani kilikufukuza wewe?"

"Hakikunifukuza. Kilinisimamisha."

"Wana akili, hawakukosea kukuogopa." Akaandika, akasaini, akampa Jailos mkono. Mkono wa Jailos ulitetemeka ndani ya mkono wake, na mhandisi hakuuachia upesi.

9 Machi

Simu kutoka Iringa. Frida kajifungua jana, msichana, wote wazima. Kaka Anord aliketi juu ya rundo la kokoto, akalia kwa starehe kama mtu aliyefika mwisho wa safari ndefu. Mama Verediana alikaa kando yake na hakumtania.

21 Machi

Barua ya halmashauri: mabati na mbao vimeidhinishwa. Mistari mitatu. Nimeisoma mara kumi. Sijawahi kusoma nathari nzuri kuliko hiyo. Mwalimu ameipanga kwenye bahasha. Barua ya chuo imekuja siku hiyohiyo: nirejee Aprili. Nilimwomba anisomee majibu yangu kabla sijayatuma. Akafuta neno moja tu.

12 Aprili

Kesho nashuka. Leo ilikuwa siku ya kliniki ya watoto. Muuguzi wa huduma ya mkoba amezoea kuutundika mzani wake kwenye mparachichi wa kanisani, na kila mvua ikija kinamama hukimbia na watoto chini ya kanga. Kenchi zimesimama tayari, na mabati yamefunika chumba kimoja. Basi akaingia humo, akautundika mzani kwenye kenchi.

Nyuma ya foleni, kuku wa Mama Verediana alikuwa anaatamia ndani ya kibao cha babu. Kaka mwenyewe ndiye aliyempa Mama kibao hicho. Tofali zijazo, wamekubaliana, zitafyatuliwa kwa kibao kimoja.

Frida, aliyerudi juzi kutoka Ipogolo, alimweka mtoto kwenye mfuko wa mzani. Mshale ukacheza, ukatulia.

"Nne na nusu," muuguzi akasema. "Anayefuata."

Hapo mvua ikaanza, ile ya Aprili, nzito, inayopiga bati mpaka watu wasisikiane. Nilitazama foleni nzima ya kinamama. Hakuna aliyeinuka.